Kaptula, Khanga na Upepo wa Kusi

Abiria wa basi la Moshi kwenda Tanga hushuka akikumbuka filamu moja na nusu za Bongo, na mahali aliponunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Anayekwenda kwa baiskeli hukumbuka zaidi ngozi yake. Barabara ile ina takriban kilomita 350, lami mwanzo hadi mwisho, na humo unapita baridi ya asubuhi ya Moshi, ukavu wa Same, joto la Mombo na unyevunyevu wa pwani. Mimi na mdogo wangu tuliongeza kupanda Lushoto, tukapata na baridi ya milimani juu yake. Ilikuwa Julai. Baiskeli zetu zilikuwa za kawaida, za gia, za mtumba, zilizopita kwa fundi zikakazwa na kutiwa grisi. Hazikutusumbua. Kilichotupa kazi ya kufikiri ni nguo.

Tulizitafuta Memorial, soko la mitumba pale Moshi ambako ukiwa na subira unaweza kuvalisha timu nzima ya mpira na kocha wake. Kaptula za baiskeli huja zimechanganyika na nguo za mazoezi, na wauzaji wengi huziuza bila kujua ni za nini. Kijana mmoja aliinyanyua moja juu ya vichwa vya watu, akaibinya katikati na kucheka.

"Dada, hii imeshonewa godoro kabisa! Ukikaa juu ya jiwe unasinzia."

Nikamwomba niione. Godoro alilolisema ni ile pedi iliyoshonwa mahali pa kukalia, na ndiyo roho ya nguo yenyewe. Unaipima kwa vidole: ibonyeze kwa nguvu, kisha uiachie. Ikirudi upesi, sponji bado ni nzima. Ikibaki imebonyea, imekwisha, hata kama kitambaa kinang'aa kama jana. Halafu ingiza mkono ndani, ivute dhidi ya mwanga. Ukiona vinyuzi vyeupe vimejitokeza na kujikunja, mpira wa kitambaa umekatika, na kaptula itakuwa inapanda pajani kila unapokanyaga pedali. Mwisho, pitisha kidole kwenye mishono. Mshono mzuri umelazwa bapa. Mshono wenye ukingo utauhisi kabla hujafika Himo.

Nyuzi hizo zinazovutika ni za spandeksi, zilizobuniwa na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1958. Kabla ya hapo waendesha baiskeli wa Ulaya walivaa kaptula za sufu zenye kipande cha ngozi laini ya mnyama ndani. Ngozi ile ikifuliwa ilikauka na kuwa ngumu, ikabidi ilainishwe kwa mafuta kabla ya safari. Siku hizi ngozi haipo tena, lakini desturi ya kupaka mafuta imebaki, na inafaa: unapaka pale ambapo ngozi inasuguana na ngozi. Sisi tulitumia mafuta ya mgando ya kawaida. Yanafanya kazi, ila yanang'ang'ania kwenye pedi na yanataka sabuni nyingi jioni.

Kuna jambo wauzaji hawakuambii na dada zangu wengi huona haya kuuliza: kaptula hii haivaliwi na chupi. Kazi ya pedi ni kukaa moja kwa moja mwilini, isiteleze, inyonye jasho. Ukiweka chupi katikati, umerudisha mishono ileile uliyolipia kuikwepa, tena ya pamba inayolowa na kubaki imelowa. Jingine ni kwamba pedi ya mwanamke si ya mwanaume. Mifupa ya makalio ya mwanamke kwa kawaida imeachana zaidi, kwa hiyo pedi yake ni pana kwa nyuma na fupi kwa mbele. Memorial hakuna kibandiko kinachokueleza hivyo. Inabidi utazame umbo lake, au uivae juu ya nguo zako nyuma ya pazia la muuzaji huku wapita njia wakitoa maoni.

Muuzaji huyohuyo alitaka kutuuzia na kava za siti, zile nene zenye jeli. Tukakataa. Mtu akikaa juu ya siti laini sana, mifupa huzama, na uzito uliopaswa kubebwa na mifupa unahamia kwenye nyama na mishipa ya sehemu nyeti. Kwa safari ya sokoni ni raha. Baada ya saa tatu ni ganzi. Siti iwe imara, ulaini uwe kwenye nguo.

Tuliondoka Moshi alfajiri, mlima umejifunika wingu kama kawaida yake mwezi huo, na baridi ya kukunja vidole. Hapo shida ni kwamba baridi ni ya saa mbili tu. Ukivaa sweta, saa tatu asubuhi utakuwa unalibeba. Mdogo wangu, ambaye anacheza mpira, alikuwa amechukua soksi zake ndefu za uwanjani, akazikata vidoleni na kufanya mikono ya kuvaa kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi juu ya kiwiko. Magotini alivaa nyingine. Magoti yanapuuzwa katika nchi ya joto, hakuna anayeyafikiria, lakini kuyazungusha kwa saa nzima katika upepo wa baridi ni kuyatafutia maumivu. Tulipofika Mwanga jua lilikuwa limeshika. Akazivua akiwa bado juu ya baiskeli, mkono mmoja usukani, akaziingiza mfuko wa mgongoni. Sweta lisingevulika namna hiyo.

Juu ya kila kitu tulivaa zile fulana za kuakisi mwanga, reflekta za bodaboda. Wanaopenda kupiga picha watasema zinaharibu mwonekano. Mabasi ya kwenda Dar yanapita pale kwa kasi ambayo huna muda wa kujadili mwonekano, na dereva anapaswa kukuona mapema. Za wavu ni bora kuliko za kitambaa kizima, kwa sababu zinapitisha hewa.

Baada ya Mwanga, milima ya Upare inakaa kushoto kwako, ya kijani huko juu, na wewe unapita chini upande usiopata mvua, katikati ya miiba na mibuyu. Upepo wa kusi ulitukuta hapo. Julai unavuma kutoka kusini-mashariki, na barabara inakwenda kusini-mashariki. Hakuna ujanja. Shati lililo pana linageuka tanga linalokurudisha nyuma, na kila mpapatiko wake unakula nguvu. Nilifunga zipu hadi shingoni, nikakaza khanga yangu kiunoni, nikainamisha kichwa.

Karibu na Same tulikutana na mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Jua lilikuwa la utosi. Yeye alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote, juu yake koti la suti lililoisha bitana, na kofia ya pama. Sisi tulikuwa tumesimama kunywa maji, mdogo wangu amekunja mikono ya shati hadi mabegani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatoka wapi na vibaiskeli vyenu?"

Tukamwambia. Akamtazama mdogo wangu mikono.

"Wewe kijana, teremsha hiyo mikono. Jua likikukuta umevaa linapiga nguo. Likikukuta uchi linakupiga wewe."

Mdogo wangu akateremsha. Sijasoma popote maelezo mafupi kuliko hayo. Watu wanaofanya kazi juani kutwa hujifunika: wachunga ng'ombe, wavuvi, wakata mkonge tuliowaona baadaye Korogwe. Wanaojivua ni wale wa mapumziko. Mwili unajipoza kwa jasho linalokauka kwenye ngozi, na kitambaa chepesi kinachopitisha hewa hakizuii kazi hiyo. Kinazuia jua lisikukaange wakati inafanyika. Ngozi nyeusi inavumilia zaidi, ni kweli, lakini migongo ya viganja, masikio na shingo vitakuambia jioni kwamba uvumilivu una mpaka.

Kuhusu pamba, waandishi wengi wa mambo ya baiskeli wanaikataza kabisa, na mimi sikubaliani nao kabisa. Wanaandika wakiwa nchi za baridi. Pamba inashika maji na kuchelewa kukauka; mlimani hilo ni hatari, kwa sababu ukisimama unaganda. Lakini pale Same, mchana, katika upepo mkavu, kitu kinachobaki kimelowa ndicho unachokitaka. Nililowesha khanga yangu kwenye bomba la mgahawa, nikaikamua kidogo, nikaizungusha shingoni chini ya helmeti. Ilinipoza kwa muda mrefu kuliko maji niliyokunywa. Shati langu lenyewe lilikuwa la poliesta nyembamba, la mikono mirefu, lenye mifuko mitatu kiunoni kwa nyuma. Hilo lilikuwa linakauka kabla sijajua kama nimetoka jasho, na huo ndio mtego wa sehemu ile. Unaamini hupotezi maji. Kisha unaangalia mgongo wa mwenzako na kuona ramani nyeupe za chumvi. Tangu hapo tulikuwa tunakunywa kwa kutazamana migongo.

Mikono ilianza kulalamika mchana huohuo. Kidole cha mwisho na kinachofuata vilikufa ganzi. Neva inayovihudumia inapita kwenye kitako cha kiganja, mahali palepale tunapoegemea usukani. Glavu zisizo na vidole, zenye mto mdogo upande huo, zinaondoa shinikizo, na kubadilisha mshiko kila baada ya dakika chache kunamaliza kazi. Glavu zina matumizi mengine ambayo hayaandikwi kwenye paketi: kufuta jasho lisiingie machoni, kufuta pua, na kuokoa viganja ukianguka.

Miguuni nilikuwa na raba za soli ngumu. Soli laini ni adui, maana mguu unajipinda juu ya pedali na unyayo unawaka moto. Njiani tulikutana na vijana wa Kimaasai waliovaa katambuga, zile ndala za tairi la gari, na mmoja alikuwa anaendesha baiskeli nazo kwa raha zote. Soli ya tairi haipindi. Nilimwonea wivu pia kwa upande wa hewa, kwa sababu kwenye joto miguu huvimba na kiatu kilichokutosha asubuhi kinakubana alasiri. Nilikuwa nalegeza kamba kila tuliposimama.

Gesti tuliyolala Same ilikuwa na ndoo, bomba na kamba ya kuanikia, na sikuhitaji zaidi. Kufua kaptula kila jioni si usafi wa kujionyesha. Pedi iliyokaa na jasho kutwa ni shamba la vijidudu, na ukiivaa tena kesho yake juu ya ngozi iliyochubuka unajitafutia majipu mahali pabaya kuliko pote. Kila mmoja wetu alikuwa na kaptula mbili, moja mwilini, moja kambani. Namna ya kuikausha ni hii: fua kwa sabuni isiyo kali, suuza hadi povu liishe, ikamue taratibu bila kuinyonga, itandaze juu ya taulo kavu, vilingirishe pamoja, kisha simama juu yake kwa visigino. Taulo linanyonya maji karibu yote. Unaianika ikiwa imegeuzwa, pedi nje. Katika hewa ya Same ilikauka kabla ya kulala. Mama mwenye gesti aliitazama pale kambani, akazunguka nyuma yake, akaniuliza kwa heshima mgonjwa anaendeleaje.

Makanya na malori yake ya jasi, Hedaru, Mkomazi: kilomita kama 100 hadi Mombo, nchi tambarare, upepo uleule, vumbi jeupe kwenye nyusi. Miwani ya jua ilikuwa na kazi kuliko siku nyingine zote, na si kwa ajili ya jua. Sina la ziada la kusema kuhusu kipande hicho.

Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400. Kati yake kuna kilomita zipatazo 33 za kona, zinazopita Soni, kwenye barabara iliyoanza kuchongwa enzi za Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal. Kupanda ni kuchemka. Unakwenda polepole, upepo hakuna, jasho linadondoka kwenye fremu. Hapa zipu ndefu ya mbele ilistahili bei yake: unaifungua hadi tumboni, unaachia hewa. Wasichana waliokuwa wakiteremka na matenga ya karoti na kabichi walitupa pole kila kona. Mmoja akamuuliza mdogo wangu kwa nini asipande gari. Hakuwa na jibu.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili. Hewa inapoa kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, hiyo ni fizikia ya kawaida, lakini mwendesha baiskeli anateremka huku anajitengenezea upepo wake wa kilomita 40 kwa saa, na amelowa kwa jasho la kupandia. Asubuhi ya Lushoto, mwezi Julai, ukungu uko chini ya miti. Kwanza tulibadili mashati, makavu yakawa mwilini. Kisha tukafanya wanavyofanya wakimbiza baiskeli wa Ulaya tangu zamani wanapofika vilele vya milima: tulinunua gazeti. Kurasa nne za Mwananchi, zikunjwe mara mbili, ziingizwe kifuani kati ya ngozi na shati, zipu ifungwe juu. Karatasi inazuia upepo usipenye, na inanyonya jasho kidogo lililobaki. Ukifika Mombo, ambako unaanza kutokwa jasho kwa kusimama tu, unalitoa. Mdogo wangu alilisoma lake, kurasa za michezo zikiwa zimelowa kidogo. Koti zito lingefanya kazi ileile na kukaa mkobani hadi Tanga.

Kutoka Mombo kwenda Korogwe mkonge unaanza kujipanga kwa safu, hatua kwa hatua hadi macho yachoke. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mkoa mzima wa Tanga uliishi kwa nyuzi zake kwa miongo mingi. Korogwe hadi Tanga ni karibu kilomita 100. Hewa inabadilika taratibu, inakuwa nzito, na nguo zinabadilika tabia nayo. Shati lililokauka lenyewe Same sasa linabaki limeshikamana na mgongo. Kaptula iliyoanikwa Korogwe asubuhi ilikuwa bado na ubichi kwenye pedi, kwa hiyo niliifunga juu ya mzigo kwa nyuma, imegeuzwa, ipigwe na upepo na jua njiani. Watu wa Hale waliiona. Sikuwa na la kufanya.

Baada ya Muheza, ambako msimu wa machungwa ulikuwa umepamba moto na bei ilikuwa ya kutupwa, mvua ndogo ya pwani ilituangukia. Mdogo wangu alivaa koti lake la plastiki. Mimi sikuvaa. Baada ya nusu saa tulikuwa tumelowa sawasawa, yeye kwa jasho lake mwenyewe, mimi kwa maji masafi. Mvua ya joto haina haja ya koti lisilopitisha hewa. Koti ni la mvua ya baridi, na hata hapo livaliwe wakati wa kushuka au kusimama, siyo wakati wa kukanyaga kwa nguvu.

Kabla ya kuingia mjini nilishuka, nikaifungua khanga kiunoni na kujifunga vizuri juu ya kaptula. Mdogo wangu akavaa bukta pana juu ya yake. Nguo ya kubana ina maana yake barabarani, inapunguza msuguano na haishiki upepo. Ukiwa umesimama dukani mbele ya wazee wanaotoka msikitini, maana hiyo haipo. Mji wa Tanga umezoea baiskeli kuliko miji mingi niliyopita, wanawake wenye mabuibui na mitandio wanaendesha bila mtu kugeuza shingo, kwa hiyo wasichana wanaodhani stara na baiskeli haviendi pamoja waende wakajionee pale. Mtandio mwepesi uliobanwa vizuri unakaa chini ya helmeti bila taabu. Kitu cha kuangalia ni ncha zake na pindo la vazi, visifike kwenye cheni na spoku.

Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua kaptula yenye pedi nzima, na ikibaki kidogo nunua ya pili. Glavu zifuate. Shati unaweza kulitoa kabatini mwako. Nenda kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa chache bara na jua likiwa na huruma kidogo, na ujue upepo wa kusi utakupiga usoni sehemu kubwa ya njia. Usiyetaka ubishi nao, anzia Tanga uelekee Moshi, uwe nao mgongoni. Lakini hapo chukua shati jepesi kuliko langu: upepo ukienda kwa kasi sawa na yako, hewa haisogei mwilini, jasho halikauki, na joto la Mombo utalipata lote.